Kiti cha zamani kipindue kwanza, kukipenda baadaye

Naanza na kosa langu ili wewe usilirudie. Kiti changu cha kwanza cha zamani nilikinunua kwa macho tu. Kilikuwa kimejikalia kwenye kona ya duka la vitu vilivyotumika, mgongo mrefu, mikono imechongwa ikajikunja mwishoni kama makucha, mbao nyeusi inang'aa, mi nikasema basi, sebule imepata mfalme. Sikukikalia hata dakika mbili, sikukiinua, nikalipa nikabeba. Wiki ya tatu shemeji kaja, kakaa, kacheka akaegemea nyuma, mguu wa nyuma ukalia kwaa, shemeji huyo chini. Tulivyokigeuza ndo tukaona kumbe kiungo kilishavunjika kitambo, mtu kapigilia misumari mitatu, kajaza gundi nyeupe, juu kapitisha kiwi ya viatu kuficha. Na yote yalikuwa yanaonekana pale chini toka siku ya kwanza, ningeinama tu!

Toka hapo sinunui kiti bila kukipindua miguu juu. Muuzaji akinuna, anune.

Lakini kabla hata hujafika kwenye kupindua, jiulize hicho kiti kinakuja kufanya kazi gani. Nazungumzia vile viti ambavyo mtu akiingia chumbani jicho linaenda pale kabla hata hajamaliza kusalimia. Kuna cha kukaliwa kila siku, kuna cha kukaliwa mara moja moja mgeni akija, na kuna cha kutazamwa tu. Wengi tunajidanganya hapa, tunanunua cha kutazamwa halafu tunataka kukikalia masaa matatu na simu, mgongo unaanza kulalamika tunasema viti vya zamani vibaya. Sio vibaya, kiti cha mgongo ulionyooka wima kilitengenezwa ili mtu akae ameheshimika, hakikutengenezwa kwa ajili ya kujilaza.

Beba tepu. Narudia, beba tepu, usiseme "nakadiria". Kiti cha kawaida cha kukalia mezani kikalio chake kiko sentimita 43 mpaka 46 kutoka sakafuni, na kati ya kikalio na uso wa meza unataka sentimita 25 hadi 30 mapaja yapite. Viti vingi vya zamani viko nje ya hapo. Kuna vile vifupi ambavyo kina mama walikuwa wanakalia kunyonyeshea, unakuta kikalio kiko 35 au 38, kizuri mno kwa macho ila ukimweka mtu wa magoti mabovu kunyanyuka ni shughuli. Pima na kina cha kikalio, yaani toka ukingo wa mbele mpaka egemeo. Kikizidi sentimita 55 na wewe ni mfupi, ukiegemea miguu inaning'inia kama mtoto. Kama kina mikono na unataka kiingie chini ya meza pima mikono iko juu kiasi gani toka sakafuni. Halafu pima mlango wa nyumbani kwako!! Nimeona kiti cha mabawa, vile vyenye masikio mawili makubwa pembeni ya kichwa, kikalala nje usiku mzima kwa sababu hakuna aliyepima mlango. Kwa faida tu, yale mabawa sio urembo, vilianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, mtu alikuwa anakaa karibu na moto na mabawa yanamkinga na upepo wa baridi unaopenya chumbani.

Kuhusu maneno antiki na vinteji, usikubali kuchezewa. Wafanyabiashara wengi wanaita antiki kitu kilichofikisha miaka 100 kwenda juu, vinteji ni kuanzia kama miaka 20 hadi hapo. Neno lingine ni "staili ya", ukiambiwa "hiki ni staili ya Louis wa 15", yule mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18, maana yake kinafanana na vya enzi zile, kinaweza kuwa cha juzi. Sio dhambi, staili ya zamani iliyotengenezwa vizuri miaka 60 iliyopita inaweza kuwa imara kuliko orijino, ila ulipie bei ya staili, usilipie bei ya mfalme.

Sasa tupindue

Omba ruhusa, tandika nguo chini, kigeuze miguu juu, washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, usimulike moja kwa moja. Mwanga wa ubavu unaonyesha mikwaruzo na mawimbi yote ya mbao. Upande wa juu fundi alijua utatazamwa, upande wa chini hakuna aliyehangaika nao, na ndio maana unasema ukweli.

Cha kwanza angalia rangi ya mbao. Mbao isiyopakwa kitu ikikaa hewani miaka mingi inakuwa na rangi kavu ya kijivu au kahawia, na haiwi sawa kila mahali, palipopata hewa zaidi na vumbi panakuwa peusi zaidi. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi moja nzito kama kimechovywa kwenye ndoo, jiulize mtu alikuwa anaficha nini. Linganisha miguu yote minne pia, vinyweleo vya mbao vifanane, uzee ufanane. Kuna viti vya "ndoa", mgongo wa kiti hiki, kikalio cha kile, vimeozeshwa karakana na kuuzwa kama kitu kimoja.

Kisha alama za msumeno. Mistari iliyonyooka yenye nafasi zisizolingana ni dalili ya msumeno wa mkono. Mistari ya kujipinda kama robo duara ni msumeno wa mviringo, na huo ulienea karne ya 19, kwahiyo mtu akikwambia kiti ni cha 1750 na chini yake kuna robo duara zimejipanga, tabasamu tu urudishe kiti mahali pake.

Skrubu nazipenda sana kwa sababu hazijui kudanganya. Mpaka katikati ya miaka ya 1800 skrubu nyingi zilikuwa butu mwishoni, na ule mfereji wa kichwani ulikatwa kwa mkono kwahiyo mara nyingi haujakaa katikati. Zenye ncha kali zikaja baadaye. Na zile za alama ya msalaba kichwani, Phillips, ziliingia sokoni miaka ya 1930. Ukiikuta ya msalaba kwenye kiti kinachodaiwa ni cha 1880, basi ama kilikarabatiwa ama hakijawahi kuiona 1880. Kukarabatiwa sio tatizo, tatizo ni kama bei haijakarabatiwa.

Viungo ndo moyo wenyewe. Kwenye kiti kizuri cha zamani ncha ya mbao moja imechongwa ulimi ikaingizwa kwenye tundu la mbao nyingine, wakati mwingine wamepitisha kigingi cha mbao kuikaza. Mbao inasinyaa kwa upana lakini kwa urefu haisinyai kivile, ndio maana kigingi cha zamani utakikuta kimejitokeza kidogo, ukipitisha kidole unakisikia, na hakina duara kamili tena. Hata mguu uliokerezwa duara, ukiupima kipenyo pande mbili baada ya miaka mia na hamsini unakuta umekuwa yai kidogo. Feki ya mwaka jana ni duara safi.

Halafu uchakavu. Hapa ndo watu wa feki wanakosea zaidi manake wanapiga msasa kila mahali sawasawa. Kiti kikikaliwa kinachakaa palipoguswa tu, ile mbao ya mbele inayounganisha miguu inalika juu kwa sababu watu wameweka visigino vizazi kwa vizazi, mikono inang'aa pale viganja vinapofika, miguu ya nyuma inalika zaidi ukingo wa nyuma kwa watu kuegemea na kuinua ile ya mbele. Kaa kwenye kiti uone mwili wako unagusa wapi, halafu shuka uangalie kama uchakavu uko hapohapo. Ukikuta mikwaruzo sehemu ambayo hakuna kiungo cha binadamu kinaweza kufika, mtu alikipiga kwa mnyororo ili kionekane cha zamani.

Kirudishe chini. Weka goti moja kwenye kikalio, shika mgongo kwa mikono miwili, sukuma mbele nyuma, kisha kushoto kulia. Kutikisika kidogo kwa sauti kavu ya tik tik ni gundi iliyochoka, na hiyo isikutishe. Gundi ya zamani ya wanyama inalainika kwa maji ya moto na mvuke, fundi anafungua kiungo, anasafisha, anarudishia. Kinachotakiwa kikutishe ni kiungo kilichojazwa gundi ya kisasa ngumu au msumari, maana hapo mbao imeshapasuka na kuifungua tena ni kuivunja. Angalia sana pale mguu wa nyuma unapokutana na kikalio, mzigo wote wa mtu anayeegemea unaishia pale. Ndipo palipomwangusha shemeji.

Mwisho kaa. Dakika kumi na tano, sio tano. Ongea na muuzaji, kunja nne, inuka bila kushika mikono. Mwili utakwambia.

Wadudu

Vitundu vya mviringo vya milimita moja na nusu hadi mbili, hao ni dumuzi wa mbao. Kitundu peke yake ni historia tu, mdudu mkubwa alitoka akaondoka zake, swali ni kama kuna watoto bado wanakula humo ndani, na kiluwiluwi anaweza kukaa ndani ya mbao miaka mitatu au zaidi kabla hajatoka. Dalili ya uhai ni unga mwepesi mpya unaodondoka na vitundu vyenye kingo kali na ndani peupe. Kitundu cha zamani kina ndani peusi na vumbi. Kama huna uhakika weka karatasi nyeusi chini ya kiti wiki mbili, mahali pasipo na upepo, uone kama unga unadondoka. Kiti kidogo kisicho na thamani kubwa unaweza kukifunga vizuri kwenye plastiki ukakilaza kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, wanakufa. Ila mbao ikibonyea ukiibonyeza kwa ukucha, yaani imebunguliwa mpaka imekuwa sponji, achana nayo hata kama umeshaipenda. Na chenye unga mbichi usikipitishe mlangoni ukakiweka pembeni ya vingine, wataalikana.

Nguo, springi na henzerani

Kiti cha kitambaa bei yake halisi ni bei ya kiti jumlisha fundi makochi, na mara nyingi fundi ndo anakula zaidi. Omba kuchungulia ndani ya kile kitambaa cheusi kilichobandikwa upande wa chini wa kiti. Ukikuta mikanda ya juti imepishana kama mkeka, springi zimefungwa kwa kamba, na ndani kuna singa za farasi, hiyo ni kazi ya zamani ya kweli, singa unaweza kuzifua ukazichambua zikatumika tena. Ukikuta pini za stepla kila mahali basi kimefunikwa upya nyakati za karibuni. Viti vya kuanzia miaka ya 1950 vingi vina sponji na hiyo haina dawa, inageuka unga wa njano unaonata, ibadilishe yote. Ukiminya kikalio na kusikia kama unakanyaga mchanga mkavu, ndo yenyewe.

Kitambaa cha zamani kilichochakaa usikitupe haraka, piga picha, weka kipande, fundi mpya atajua mishono ilikaaje.

Henzerani, yaani zile nyuzi za ufito zilizosukwa kwenye kikalio, bonyeza kwa kiganja taratibu. Ikibonyea kidogo ikarudi sawa. Ikilegea bila kukatika unaweza kuilowesha kwa upande wa chini kwa kitambaa cha maji, ukaiacha ikauke yenyewe, inajikaza. Ikikatika nyuzi tatu nne pembeni ya tundu hesabu kusukwa upya, kuanzia hapo itaachia yote.

Yale majina makubwa

Ukianza kutafuta utakutana na majina yaleyale ya wabunifu na watengenezaji wa viti, kwahiyo bora ujue mawili matatu. Kile cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, mgongo kama vitanzi viwili, ni namba 14 ya Michael Thonet, kilitoka 1859, kina vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye kasha la mita moja ya ujazo. Ndio maana kilisambaa dunia nzima. Lakini haki ya Thonet ya kumiliki ufundi huo wa kupinda mbao iliisha 1869 na viwanda vingine vikajitosa, Jacob & Josef Kohn wakiwemo, kwahiyo tafuta muhuri au lebo kwa ndani ya ukingo wa kikalio, na wala usidharau cha Kohn, ni kizuri.

Ukisikia "Chippendale" vuta pumzi. Thomas Chippendale, fundi samani wa Uingereza, alichapisha kitabu cha michoro yake 1754 na mafundi kila mahali wakaiga, halafu mwishoni mwa karne ya 19 wakaiga tena kwa wingi. Vingi mno vinavyoitwa hivyo havijawahi kupita karakana yake.

Kiti cha Eames cha kujilaza na kistuli chake, cha Charles na Ray Eames, 1956, ndicho kinachoigwa mno sasa hivi. Orijino cha kampuni ya Herman Miller kwa nje ya mgongo huoni skrubu hata moja, kiti kina miguu mitano na kistuli minne, na hakina lile jambo la kuvuta kikalale, pembe yake ni ileile. Ukikuta bolti mgongoni, au miguu minne kwenye kiti, ni kopi. Hata ukipata orijino cha zamani kagua zile raba zinazoshika mgongo, zinakauka na kuachia, ukiegemea kwa nguvu unaweza kupasua mbao. Na vile vya rozwudi ya Brazili vina mambo ya sheria, mti huo ulipewa ulinzi wa juu wa kimataifa 1992, kukivusha mpaka kunahitaji karatasi. Pembe za ndovu zilizopachikwa kwenye viti vya zamani nazo ni hivyohivyo, usinunue cha kusafirisha kabla hujauliza.

Cha Hans Wegner chenye mgongo wa herufi Y, alikichora 1949, kikalio kinasukwa kwa kamba ya karatasi kama mita 120. Ikichakaa inasukwa tena, kwahiyo kikalio kichafu sio sababu ya kukikataa bali ni sababu ya kupatana bei. Vya mabomba ya chuma vya Marcel Breuer vya kuanzia 1925 kagua kromu, ikishaanza kutoka madoa madoa yaliyochimbika hakuna polishi ya kuirudisha.

Maoni yangu ambayo wengine watakataa: kiti kisicho na jina, chenye viungo vizuri, kitakufurahisha kuliko kopi ya jina kubwa. Kopi kila mgeni atakuuliza "ni orijino?" na wewe utaanza kujieleza.

Ukishafika nacho nyumbani

Usikimbilie msasa. Ile ngozi ya juu, rangi iliyojengwa na mikono, vumbi, nta na jua kwa miaka, ukishaiondoa hairudi, na thamani inaondoka nayo. Anza na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nta ya nyuki safu nyembamba. Kama hujui kimepakwa nini chukua pamba yenye tone la spiriti uguse mahali pa siri chini ya kikalio, ikinata na kulainika ni shelaki, ile vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti, hiyo ina maana usikikaribishe na chochote chenye pombe. Kilichopakwa rangi ya zamani usikisugue kikavu hata kidogo, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, yaani yale madini ya ledi yenye sumu, Marekani wenyewe waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani 1978. Kipime kwanza kwa kile kipimo cha risasi, hasa kama una watoto.

Mahali pa kukiweka: kimoja kinatosha chumba. Viwili vya kuteka macho vinagombana, si kila kiti lazima kiwe cha enzi. Kipe nafasi ya kupumua, njia ya kupita iwe angalau sentimita 60 au 70, na kama mgongo wake ndio uzuri wake usiubandike ukutani, kigeuze kidogo uonekane ukiingia. Jaribu hivi, zima taa ya chumba, washa ya nyuma yake, ukiona umbo lake jeusi bado linapendeza basi umechagua vizuri, manake umbo ndo linalobaki kitambaa kikibadilika. Kikae mbali na jua la dirishani linalopiga moja kwa moja na mbali na hita, mbao ikikauka haraka gundi inaachia na ufa unafunguka.

Kile cha shemeji nilikipeleka kwa fundi, akatoa misumari yote mitatu, akachonga ulimi mpya, akagandisha kwa gundi ya moto. Kabla hajakirudisha nilimuomba penseli, nikaandika chini ya kikalio mwezi, mwaka, na mguu gani umerekebishwa, kwa ajili ya huyo atakayekuja kukipindua baada yangu. Shemeji bado anakipita anaenda kukaa kwenye kochi.